Umbali Una Bei: Mwongozo Kamili wa Kutazama Filamu na Mifululizo ya Anga za Juu

Zamani mtu akiniuliza aanze na filamu ipi ya anga za juu, nilikuwa namtajia kumi kwa mkupuo mmoja. Baada ya wiki ananirudia: ametazama moja, amelala katikati, na hana hamu ya nyingine. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nagawa zile ninazozipenda mimi, kana kwamba ladha ni koti la kuazimana.

Siku hizi nina swali moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: katika hadithi hii, umbali unalipiwa na nani, na analipa nini?

Kwanza tuone ukubwa wa deni lenyewe. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kufika Mwezini ni sekunde moja na kidogo. Mirihi ni kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari zetu mbili ziko upande gani wa Jua. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote ukiacha Jua, ni zaidi ya miaka minne. Na hiyo ni nuru. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kila sekunde, na bado kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali kama huo.

Kila anayeandika hadithi ya anga za juu anakutana na hesabu hii mlangoni. Wapo wanaoipita kama hawajaiona. Wapo wanaoikubali na kuwafanya wahusika wao waivujie jasho. Wapo wanaoichukua na kuifanya ndiyo hadithi yenyewe. Ukishajua wewe unapenda lipi kati ya hayo matatu, hutahitaji tena orodha ya mtu.

Hatua ya kwanza: jipime kwa filamu tatu

Tafuta Star Wars ya mwaka 1977, The Martian ya 2015 na Moon ya 2009. Zitazame kwa mpangilio huo, kila moja siku yake. Usiunganishe mbili usiku mmoja. Ya pili itaifuta ya kwanza kichwani.

Katika Star Wars umbali ni bure. Rubani anasukuma mkono wa chuma, nyota zinageuka mistari, wamefika. Hata vipimo havina maana kubwa: Han Solo anajisifu kwamba chombo chake kilikimbia njia ya Kessel kwa chini ya parseki 12, ilhali parseki ni kipimo cha umbali, kama miaka 3.26 ya nuru, si cha muda. Ni sawa na mtu kukuambia alifika haraka sana, alitumia kilomita nne. Mashabiki wametumia miongo kadhaa kumtafutia utetezi. Ukicheka na kuendelea kutazama kwa raha, hiyo tayari ni taarifa kuhusu wewe.

The Martian inamwacha mtu mmoja Mirihi akiwa na viazi, mkanda wa gundi na hasira. Hapa umbali unalipwa kwa hesabu: kalori ngapi, lita ngapi, siku ngapi hadi chombo cha kumchukua kifike.

Moon ni mtu mmoja kwenye kituo cha uchimbaji upande wa mbali wa Mwezi, mkataba wa miaka mitatu, na mawasiliano ya moja kwa moja na nyumbani yameharibika. Ni dakika 97 tu. Usisome chochote juu yake kabla ya kuitazama, hata trela iache. Katika filamu zote ninazozitaja humu, hii ndiyo inayoharibika upesi zaidi mtu akikumwagia mtama.

Asubuhi inayofuata kila filamu, usijiulize kama ilikuwa nzuri. Jiulize ni tukio gani limekurudia ukiwa unapiga mswaki. Likiwa ni vita vya mwisho na muziki wake, shika njia ya kwanza hapo chini. Likiwa ni namna yule bwana alivyotengeneza maji kutoka kwenye mafuta ya roketi na kujilipua kidogo, shika ya pili. Likiwa ni sura ya mtu, pengine uso tu bila maneno, wewe ni wa njia ya tatu, na pole, maana filamu zako ndizo zinazokesha na mtu.

Hatua ya pili: tengeneza giza

Watu huidharau hatua hii. Filamu ya mapenzi unaweza kuitazama sebuleni taa zote zikiwaka na usikose kitu. Filamu ya anga za juu nusu yake ni weusi, na weusi kwenye skrini inayopigwa na mwanga wa dirisha hugeuka kijivu. Ukishaona kijivu, unaona kioo, huoni tena anga. Zima taa, funga pazia, na kama skrini yako ina mpangilio wa kung'arisha rangi kupita kiasi, uondoe.

Sauti ni muhimu kuliko ukubwa wa skrini. Nasema hivyo nikijua wengi watanipinga. Ila fikiria 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968: mwanaanga anapotoka nje ya chombo, kinachosikika ni pumzi zake tu ndani ya kofia, zinaingia, zinatoka, dakika baada ya dakika. Kwenye spika ndogo ya simu hiyo ni kelele ya feni. Kwenye vipokea sauti vizuri vya masikioni, baada ya muda utajikuta unapumua naye. Halafu pumzi zinakatika. Simu yenye skrini ndogo na vipokea sauti vizuri itakupa zaidi ya runinga kubwa yenye spika zilizochoka.

Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako hakina shida. Interstellar ililalamikiwa sana ilipotoka kwa sababu muziki na ngurumo za roketi zinameza maneno ya waigizaji, na baadhi ya maneno hayo ndiyo yanayobeba hadithi.

Angalia pia unatazama toleo lipi. Mfano mzuri ni Aliens ya James Cameron, ya mwaka 1986. Ripley, mhusika mkuu aliyenusurika katika Alien ya 1979, ameelea usingizini miaka 57 kabla ya kuokotwa. Katika toleo refu lililotoka baadaye kuna tukio fupi ambapo anaambiwa kwamba binti yake, aliyemwacha mdogo, amezeeka na kufa. Toleo la sinema halina tukio hilo. Bila hilo, mapenzi yake kwa mtoto anayemkuta mbele ni ushujaa wa kawaida. Ukilijua, kila anachofanya kinabadilika uzito. Tafuta toleo refu.

Hatua ya tatu: shika njia yako

*Njia ya bure.* Hapa sina mengi, kwa kuwa njia hii inajiendesha yenyewe. Filamu tatu za mwanzo za Star Wars (1977, 1980, 1983) zitazame kwa mpangilio zilivyotoka, usifuate namba za sura. Namba zinakuanzisha na filamu ya 1999, na siri kubwa kuliko zote inafika ikiwa imeshapoa. Baada ya hizo tatu una uhuru. Kama unapenda mambo ya siasa, ukandamizaji na watu wa kawaida wanaosukumwa mpaka waasi, pita moja kwa moja kwenye mfululizo wa Andor (2022 hadi 2025, vipindi 24), kisha Rogue One ya 2016, ambayo inakomea pale pale ile ya 1977 inapoanzia. Katika Andor ile sheria ya zamani ya steringi hafi haimsaidii mtu, na kwangu mimi hicho ndicho kitu bora kilichotengenezwa chini ya jina hilo.

Ukitaka wepesi zaidi, Cowboy Bebop ya Japani, vipindi 26 vya katuni vilivyoanza kuonyeshwa 1998, vina muziki wa jazi na watu wanaowinda wahalifu ili walipwe zawadi, wasio na hata pesa ya chakula. Chombo kinaruka kutoka sayari hadi sayari bila tabu, lakini wahusika hawafiki popote, maana kila mmoja amekimbia kitu.

*Njia ya jasho.* Hapa umbali unalipwa kwa mwili. Anza na Gravity ya 2013, dakika 91, ambayo inakutupa nje ya chombo mapema na haikupi nafasi ya kupumua mpaka mwisho. Kisha rudi nyuma hadi Alien ya 1979. Watu huikumbuka kwa yule mnyama, lakini angalia robo saa ya mwanzo baada ya wafanyakazi kuamka: watu saba wamekaa mezani, wanakula, wanavuta sigara, na mafundi wawili wanalalamika kuhusu mgao wa malipo. Wako mbali mno na nyumbani na wanazungumza mshahara. Ukishaamini kwamba hao ni wafanyakazi wa kweli, mnyama akitokea huna pa kukimbilia.

The Expanse ndiyo kilele cha njia hii, nitaieleza kwenye mifululizo.

*Njia ya miaka.* Anza na Interstellar ya Christopher Nolan, 2014. Ni dakika 169, kwa hiyo usiianze saa nne usiku. Shimo jeusi lililomo humo, yaani mahali ambapo uvutano ni mkali hata nuru haitoki, lilichorwa kwa kufuata milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne, na baadhi ya picha moja moja zilichukua kompyuta hadi saa 100 kukamilika. Miaka mitano baadaye, Aprili 2019, dunia ikaonyeshwa picha halisi ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, na wengi tukaona ule ule mviringo wa moto uliozunguka giza.

Ila uchoraji huo si kitu ukilinganisha na tukio moja. Wanaanga wanashuka kwenye sayari ambayo saa moja ni sawa na miaka saba Duniani. Mambo yanakwenda kombo, wanachelewa. Wakirudi kwenye chombo kikuu, mwenzao aliyebaki anawafungulia mlango akiwa na mvi, na kuwaambia imepita miaka 23. Cooper, rubani wao, anakaa mbele ya skrini kutazama ujumbe uliolundikana kutoka nyumbani. Mwanawe wa kiume anaonekana kijana, kisha ana mchumba, kisha ana mtoto, kisha uso umekauka na anaaga. Kamera haiendi popote. Imebaki kwenye uso wa baba anayelia kimya, huku maisha ya watoto wake yakipita kwa dakika chache. Halafu skrini inazimika, inawaka tena, na anatokea mwanamke mtu mzima: binti yake, ambaye miaka yote hiyo alikataa kuzungumza. Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Amefikisha umri aliokuwa nao baba alipoondoka.

Hilo ndilo ninalomaanisha ninaposema umbali una bei. Kama tukio hilo halikukugusa, achana na njia hii bila kinyongo, urudi kwenye mbili za juu.

Kama limekugusa, endelea na Contact ya 1997, iliyotokana na riwaya ya Carl Sagan, ambamo wageni wanabisha hodi kwa namba tasa. Mwanzo wake kamera inarudi nyuma kutoka Duniani kupita sayari na galaksi, na matangazo ya redio yanazidi kuwa ya zamani kadiri tunavyokwenda mbali, mpaka kimya. Mkaguzi mkali atakwambia kwamba karibu na Mirihi ungepaswa kusikia ya dakika chache zilizopita, si ya miaka mingi. Ni kweli, na mimi nimemsamehe muongozaji.

Hatua ya nne: mifululizo, pa kuingilia na pa kutokea

Filamu mbaya inakula saa mbili. Mfululizo mbaya unakula mwezi. Kwa hiyo hapa kosa la mlango ni ghali.

Star Trek ya kwanza ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ikafika vipindi 79 kabla ya kukatwa mwaka 1969. Ile mashine ya kumyeyusha mtu hapa na kumtokeza kule ilibuniwa kwa sababu bajeti haikuruhusu kuonyesha chombo kikitua kila wiki. Usiitazame yote. Mapambo yamezeeka na mapigano yake yanachekesha. Chagua vipindi vichache, na kimoja kiwe The City on the Edge of Forever cha 1967, ambacho kinamtaka nahodha alipie kitu kweli kweli.

Kuna sababu nyingine ya sisi kupita hapo. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho anaitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, The Man Trap, kiumbe kinachojigeuza sura kinamwendea katika umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Matamshi usiyaulize. Katika kingine, The Changeling, kumbukumbu zake zinafutwa, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, kila akikwama hutorokea kwenye Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia mara nyingi jinsi Martin Luther King alivyomsihi asijiuzulu. Miaka ya 1970 alifanya kazi na NASA kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufika anga za juu, 1992, alikua akimtazama, na mwaka uliofuata akapata nafasi ndogo ya kuigiza katika Star Trek iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo.

Hiyo iliyokuwa ikitengenezwa ni The Next Generation (1987 hadi 1994, vipindi 178). Ingia msimu wa tatu. Misimu miwili ya mwanzo inajikanyaga, isipokuwa kipindi cha The Measure of a Man katika msimu wa pili, kesi ya mahakamani kuhusu kama roboti ni mali au ni mtu. Msimu wa tano una The Inner Light, ambamo nahodha anaishi maisha mazima ya mtu mwingine, ndoa, watoto, uzee, ndani ya dakika 25 za kuzimia. Ukipenda hicho kimoja, umeingia na hutoki.

Battlestar Galactica ina mtego. Vipindi vyake vilianza 2004, lakini hadithi inaanza na tamthilia fupi ya 2003 yenye sehemu mbili, na mara nyingi utaikuta imewekwa peke yake kama filamu. Mimi nilianza na msimu wa kwanza moja kwa moja. Kila mtu kwenye skrini alikuwa amechoka, macho mekundu, na mimi sijui wamechoka na nini. Nilidhani ni uigizaji mbovu. Kumbe nilikuwa nimeruka maangamizi yenyewe. Kipindi hicho cha kwanza cha msimu kinaitwa 33: kila baada ya dakika 33 adui anawafikia, na kila baada ya dakika 33 binadamu waliobaki, kama 50,000 hivi, wanaruka tena, siku ya tano bila kulala. Mwanzo wa vipindi namba ya waliobaki inaonyeshwa. Izoee kuisoma. Utajikuta unaisoma kabla ya majina ya waigizaji.

Firefly ya 2002 ina vipindi 14, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza ni 11 tu vilivyorushwa, tena kwa mpangilio uliovurugwa, kile cha utangulizi kikiwa cha mwisho. Wewe anza na hicho kiitwacho Serenity, kisha vingine, umalize na filamu ya 2005 yenye jina hilo hilo. Utafikia mwisho ukiwa na hasira kwamba umekuja mapema mno. Karibu kundini.

Sasa The Expanse, misimu 6, vipindi 62. Injini ni zenye nguvu, lakini mwili wa binadamu ni ule ule. Chombo kikikaza mwendo, kiti kinamdunga rubani dawa ili moyo na mishipa vihimili. Kikifika katikati ya safari kinageuka, mkia mbele, kwa sababu angani hakuna breki nyingine isipokuwa injini ile ile. Waliozaliwa kwenye Ukanda wa asteroidi, ile miamba inayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, wana mifupa iliyokua bila uzito. Kipindi cha kwanza kinamwonyesha mmoja wao aliyekamatwa na kuletwa Duniani. Ananing'inizwa kwenye kulabu, hapigwi, haulizwi kwa kelele. Uvutano wa kawaida, huu unaokushikilia hapo ulipokaa, ndio unaomtesa. Sijawahi kuona mtu akieleza ukoloni na umbali kwa picha moja namna ile. Watu wa Ukanda wana lugha yao mchanganyiko iliyobuniwa na mwanaisimu, na huzungumza sana kwa mikono, tabia iliyotokana na kuvaa kofia za angani ambazo mtu hawezi kutikisa kichwa akaonekana.

Mwanzo wake ni mzito: majina mengi, pande tatu, hujui nani ni nani. Vumilia mpaka kipindi cha nne, CQB. Kikiisha bila kukushika, acha, dhamiri yako iko safi.

Kanuni yangu ya kuacha mfululizo wowote ni hiyo hiyo: ukishatazama kwa muda wa saa nne, jiulize ni nani ambaye kifo chake kingekuuma. Kama hakuna, funga.

For All Mankind, iliyoanza 2019, naitaja kwa wanaopenda historia. Wasovieti wanatangulia kutua Mwezini, na kuanzia hapo kila kitu kinapinda. Kati ya msimu na msimu hupita kama muongo mmoja, kwa hiyo utawaona watu wakizeeka.

Hatua ya tano: kagua sayansi bila kuwa kero

Kuna furaha ya kweli katika kushika makosa. Sauti ya mlipuko haisafiri pasipo hewa. Asteroidi hazijabanana kama mawe ya barabarani; kati ya moja na nyingine kwa kawaida kuna mamia ya maelfu ya kilomita, na vyombo vyetu hupita katikati bila kukwepa kitu. Mtu akitoka nje bila kofia hapasuki. Ana kama sekunde kumi na kitu za fahamu, na akirudishwa upesi anaweza kupona: mwaka 1966 fundi mmoja wa NASA alipoteza hewa ya vazi lake ndani ya chumba cha majaribio, akazimia, akazinduka. Ndiyo maana tukio la 2001 la mwanaanga kujirusha bila kofia linaaminika, isipokuwa jambo moja: anaonekana ameshikilia pumzi, na pumzi iliyoshikiliwa ingemdhuru mapafu. Alipaswa kuitoa.

Gravity inamhamisha mtu kutoka darubini ya Hubble hadi kituo cha kimataifa kana kwamba ni kuvuka barabara. Filamu ilipotoka, Hubble ilikuwa kama kilomita 550 juu, kituo kama 400, na mizingo yao imeinama tofauti kabisa. Dhoruba inayoanzisha The Martian haiwezekani: hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia moja ya mgandamizo wa hewa yetu, upepo wake usingeangusha antena.

Kipimo changu ni hiki. Kosa linaloanzisha matatizo nalisamehe. Kosa linaloyatatua silisamehi. Dhoruba ya The Martian inamtia mtu shimoni, na kuanzia hapo anajitoa kwa hesabu halali. Nimelipa kiingilio, tuendelee. Lakini mhusika akiokolewa dakika ya mwisho na mwale ambao hatujawahi kuusikia, mwandishi amenidanganya.

Na makosa yataje filamu ikiisha. Anayesema "hiyo haiwezekani" katikati ya tukio anyimwe bisi.

Hatua ya sita: watoto wakiwapo

WALL-E ya 2008. Sehemu kubwa ya mwanzo haina mazungumzo, kwa hiyo hata asiyejua kusoma maandishi ya chini anafuata. Alien weka mbali na rimoti yao.

Hatua ya saba: zile nzito, na wakati wake

Usianze nazo. Zikutane nawe ukiwa umeshatazama kama filamu kumi hivi, na uwe umelala vizuri usiku uliotangulia.

Aniara ya Sweden, 2018, imetokana na shairi refu la Harry Martinson la 1956. Chombo kikubwa chenye maduka na kumbi kinawapeleka watu Mirihi, safari ya wiki tatu. Kinakwepa taka za angani, kinapoteza mafuta, na hakiwezi kugeuka. Basi. Hakuna adui. Kuna miaka tu.

Solaris ya Andrei Tarkovsky, 1972, itakuweka kwenye gari linalopita barabara za Tokyo kwa dakika kadhaa bila neno kabla hujaona anga. Wengi huizimia hapo. Ukivuka, utafika kwenye kituo kinachozunguka sayari yenye bahari inayofikiri, na bahari hiyo inamrudishia kila mtu yule aliyempoteza. Ni filamu inayosema kwamba unaweza kusafiri mbali kiasi chochote na ukamkuta mkeo marehemu amekaa kitandani.

Na 2001. Mara ya kwanza nililala, nakiri. Dakika 25 za mwanzo hazina neno hata moja, na nilikuwa nasubiri hadithi ianze kumbe ilikuwa inaendelea. Mara ya pili nilijipa kazi: kila tukio, nitafute umbali umefichwa wapi. Nikausikia kwenye mahojiano ya runinga, ambapo mtangazaji anasema maneno yao yalichukua dakika saba kukifikia chombo, na kwamba muda huo wa kusubiri umekatwa kwenye kanda. Sentensi moja, anaipitisha kama tangazo la kawaida, na nikaelewa watu wale wako wapi na kwa nini hakuna atakayewasaidia kompyuta inayoendesha chombo itakapowageuka.

Ukiitazama, fika mpaka kwenye kalamu. Abiria amesinzia katika chombo kinachokwenda kituoni, waltz ya Strauss inapiga, na kalamu imemtoka mkononi, inaelea karibu naye, ikizunguka taratibu. Waliibandika kwenye kioo na kukizungusha kioo. Ukijua utaona jinsi mhudumu anavyoibandua kidogo anapoichukua. Anatembea kwa viatu vinavyonata, anaikamata, anairudisha mfukoni mwa mzee yule, anaendelea na kazi. Kama kalamu hiyo imekufanya usogee mbele kwenye kiti, uko tayari kwa saa mbili zilizobaki. Kama umeangalia saa, zima filamu, ijaribu tena mwakani.